Kitoweo cha mjini: ni hoteli au ni mfuko wetu?

Mama Kikwajuni: Assalaam alaykum jamaa. Juzi kwenye daladala ya Amani abiria wamezozana hadi kondakta akasahau kudai nauli. Mmoja anasema samaki hapa mjini Unguja hawashikiki bei kwa sababu hoteli zinawabeba wote. Mwengine anasema tumezidi kuwa wengi, basi. Mie naleta rai yangu, mnipinge.

Naona kinachoamua ni pesa ya siku. Wengi wetu hatununui samaki wa wiki. Asubuhi baba anaacha matumizi, na humo humo mna mchele, nazi, mkaa na ndimu. Kinachobaki ndicho cha samaki. Nenda sokoni Darajani mwanzo wa mwezi: watu wanaulizia changu na nguru. Ikifika tarehe 20, wale wale wameinama penye mafungu ya vibua. Pengine uzito uliomo sufuriani ni ule ule, kilichobadilika ni jina la samaki.

Ushahidi wangu ni 2020. Watalii hawakuja, hoteli zikafunga. Ngisi wakubwa, wale wa wageni, tukawaona sokoni kwa bei ya kuokota. Tukala siku mbili tatu. Mume wangu anafanya kazi hotelini, akarudishwa nyumbani. Samaki wakawa rahisi, pesa ya kuwanunulia haipo.

Mchuuzi wa Malindi: Bi mkubwa, heshima yako, lakini umeisahau bahari. Upepo wa kusi ukivuma, vyombo vidogo vingi vinalala pwani. Na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu mashua zinapumzika. Mtungo wa tasi nimeuona mnadani ukipanda mara tatu kabla dalali hajameza mate. Pesa yako ya matumizi ni ile ile, mtungo ndio uliokimbia.

Mama Kikwajuni: Hujanipinga mwanangu, umenieleza kwa nini bei inapanda. Mie nauliza mama wa nyumbani anafanya nini ikishapanda. Jirani yangu anakwenda zake kununua mapaja ya kuku wa barafu, yale yanayokuja kwa makontena. Mwengine anabandika maharage ya nazi, watoto wananuna, yamekwisha.

Kijana wa Fuoni: Shangazi, nyote mmewasahau Wakongo. Dagaa walikuwa kimbilio la mnyonge. Sasa nenda vijiji vya Kama au Mangapwani ukaone: wanachemshwa kwa maji ya chumvi, wanaanikwa, wanatiwa viroba, safari ya Kongo. Hapo si suala la hoteli wala mshahara. Tunashindana na sufuria za watu ambao hata bahari yetu hawajaiona.

Mzee wa Mwembetanga: Kwenye hesabu yenu ongezeni na friji. Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani miezi 3? Nyumbani kwangu tulinunua wa kula siku hiyo tu, tena jioni, maana saa 11 muuzaji asiye na barafu hana jeuri. Fungu la asubuhi linakuwa mawili kwa bei ya moja. Umeme uliporudi, wenye friji wakarudia kununua asubuhi na kuweka, sisi wengine tukaendelea kuvizia jioni. Mpaka leo navizia. Mke wangu ananiambia mimi ni paka wa Darajani.

Mama Kikwajuni: Mzee wangu, shikamoo. La friji nalipokea, maana nalo ni pesa: friji kwanza, umeme baadaye. La dagaa nakubali pia, kijana kanishika pabaya. Lakini hili la hoteli silitaki kabisa. Hoteli zinachukua jodari, kamba, pweza na ngisi. Kitoweo chetu cha kila siku ni vibua. Nani aliyewahi kumwona mzungu akiagiza kibua?

Mchuuzi wa Malindi: Mzungu haagizi, bi mkubwa. Lakini mie wiki mbili hizi nimepeleka ndoo za vibua mashamba, nje ya mji, mlango wa nyuma wa hoteli, kwa ajili ya wafanyakazi. Muulize mumeo kantini wanakula nini.