Tupeane uzoefu: uliyetoka DSLR (kamera yenye kioo ndani kinachopanda kila ukipiga) kwenda mirolesi (isiyo na kioo hicho), ilikuwaje?

Kamera Begani: Wakuu habari za kazi. Natumia Canon 5D Mark IV, ile ya 2016, na lenzi mbili za EF, zile za DSLR za Canon, 24-70 na 70-200. Kazi zangu harusi, sendofu na kipaimara. Mashine haijawahi kunisumbua ila kila ukumbi nikiingia vijana wote wana mirolesi, na Canon wenyewe DSLR yao kubwa ya mwisho, 1D X Mark III, ilitoka 2020, sasa hivi nguvu yote iko kwenye RF, yaani mirolesi yao na lenzi zake. Nihame au nitulie kwanza? Mliohama semeni ukweli.

Lenzi Kali: Hama. Ukishazoea fokasi inayoshika jicho la bibi harusi mpaka anafika mbele, hurudi nyuma.

Mtoto wa Kibosho: Mada hii imenikumbusha mbali. Niliitwa kupiga msiba wa bibi mmoja huku kwetu mlimani, watoto wake wawili wako Marekani hawakuweza kuja kwahiyo familia ikataka kila kitu kipigwe, wakati wa kuaga watu wamenyamaza kabisa, hata kwaya imenyamaza, unasikia migomba tu, mimi na DSLR yangu kacha kacha kacha, kila kioo kikipanda watu wanageuka, dada wa marehemu alikuwa ameshika ukingo wa jeneza, rozari imezungushwa kwenye vidole, akaniangalia akasema taratibu "mwanangu, tuache kidogo tumuage". Hakugomba. Nilishusha kamera na hizo picha walizozitaka wale wa Marekani mpaka leo hazipo. Mwezi uliofuata nikauza kila kitu nikachukua mirolesi kwa sababu ya ukimya tu, mengine sikuyaangalia.

Dada Fremu: Pole sana aisee. Nimesisimka.

Mpwani Halisi: Samahani lakini maiti inapigwaje picha? Kwetu Pangani huwezi.

Mtoto wa Kibosho: Ndugu yangu kila watu na taratibu zao, familia ndiyo iliyoniita.

Mpwani Halisi: Sijakutukana, nasema kuna mahali kamera inakaa kwenye begi, iwe na kelele iwe haina.

Mzee wa Fleshi: Hilo fungueni uzi wake. Halafu 5D Mark IV ina saileti yake, ile ya kupiga kwa ukimya, mbona watu hawaitumii?

Lenzi Kali: Mzee ile inapunguza tu, kioo bado kinapanda na kushuka. Kanisani inasikika mpaka benchi la tatu.

Mzee wa Fleshi: Na hiyo saileti yenu ya mirolesi mkiiweka ukumbini chini ya taa za LED za wapambaji picha inatoka na mistari kama kanga, kwa sababu sensa (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) inasomwa mstari kwa mstari huku taa inawaka na kuzima. Na fleshi haiwaki kwenye nyingi. Ukumbini rudisha shata (pazia la kamera) ya kawaida, ukimya peleka kanisani.

Dada Fremu: Hapo kweli kabisa 👆🏾

Nikon Damu: Mimi niko Nikon, adapta ya FTZ, ya kuvalisha lenzi za DSLR kwenye mirolesi, haina mota ya fokasi, kwahiyo 50mm yangu ya zamani ya AF-D, isiyo na mota yake, nazungusha kwa mkono. Wewe wa Canon una bahati, EF yote tangu 1987 ina mota ndani ya lenzi, ukivaa adapta fokasi inafanya kazi, na adapta yenyewe haina lenzi ndani kwahiyo picha haiharibiki. Usiuze lenzi hata moja!

Lenzi Kali: Mimi nasema uza zote uanze upya, za RF ni nyingine.

Nikon Damu: Hela za RF utamtumia wewe?

Dada Fremu: Betri jamani. LP-E6N kwenye 5D Mark IV vipimo vya kiwanda ni kama picha 900, betri hiyohiyo kwenye EOS R, mirolesi ya Canon, kama 370. Kazini zinatoka zaidi ya hapo lakini sherehe ya kuanzia saluni mpaka kukata keki saa tano usiku bila betri tatu utaumbuka. Na EOS R ina sehemu moja ya kadi, mimi harusi ya mtu siifanyi na kadi moja. Angalia R6, ina sehemu mbili.

Kamera Begani: Asanteni. Kwahiyo bodi (kamera yenyewe) kwanza, lenzi zibaki. Kuna anayekodisha R6 na adapta hapa Dar wikiendi? Nina kipaimara Jumapili, nataka niende nayo pamoja na hii yangu.

Mzee wa Fleshi: Njoo inbox. Triga ya fleshi yako, ile ya kuiwasha kwa mbali, ni ya Canon?