Acheni kuwashauri wanaorekodi sauti nyumbani wanunue kompyuta za magemu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kila wiki mtu anakuja kuuliza, "Naunganisha kompyuta ya kurekodi sauti nyumbani, ninunue vifaa gani?" Na kila wiki anajibiwa yale yale: chukua prosesa yenye koa nyingi (vile vitengo vya kufanya kazi ndani yake), weka kadi ya picha ya nguvu, weka SSD (diski isiyozunguka) yenye kasi kuliko zote, umemaliza. Hakuna anayemuuliza kompyuta itakaa wapi, maiki itakuwa umbali gani, anarekodi traki ngapi kwa mpigo. Mimi niliuliza hivyo hivyo, nikajibiwa hivyo hivyo, nikatoa hela.

Muuzaji naye swali lake la kwanza lilikuwa, "Utacheza gemu gani?" Nikamwambia sichezi, narekodi sauti na gitaa. Akasema, "Ni kitu kile kile, inayobeba gemu inabeba kila kitu." Nikamwamini kwa sababu ndiyo maneno niliyokuwa nimeyasoma kwa wataalamu wetu hapa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mama yangu mkubwa alikuja siku moja tu. Ana nyimbo za zamani ambazo katika ukoo wetu hakuna mwingine anayezijua zote, na nilikuwa nimemwomba kwa miezi mingi akubali kuimba mbele ya maiki. Nikamkalisha, nikaweka maiki ya kondensa, inayonasa hata sauti ndogo, kama sentimita 20 kutoka mdomoni, nikafunga dirisha, nikaanza. Anaimba kwa sauti ya chini sana, karibu kunong'ona, na kati ya mstari na mstari anavuta pumzi ndefu. Kwenye sekunde ya 40 hivi feni za kadi ya picha zikaanza kupanda. Vuuuu, zinashuka, zinapanda tena. Mimi nimevaa hedifoni, nasikia kila kitu, siwezi kumkatiza. Halafu kwenye ubeti wa pili ikaja ta! Kavu kabisa, katikati ya neno. Baadaye kidogo nyingine. Nikahesabu sita kwenye wimbo wa dakika nne.

Msiniambie "ondoa kelele kwa programu". Nimejaribu. Mvumo wa feni inayokaa kasi moja unaondoleka kwa kiasi, lakini feni inayopanda na kushuka inabadilisha sauti yake kila sekunde, na programu inapoifukuza inakula na zile pumzi pamoja na herufi s. Sauti inabaki kama mtu anayeimba ndani ya ndoo. Ukiweka kompresa (inayosogeza sauti ya chini na ya juu zikaribiane) ili kunong'ona kusikike, ukiongeza desibeli 10 umemwongezea na feni desibeli 10. Hakuna njia ya kuinua pumzi ya mtu bila kuinua kinachovuma nyuma yake.

Halafu zile ta. Hapa ndipo naomba wanaotoa ushauri wasome polepole. Baada ya tukio niliangalia matumizi ya prosesa wakati wa kurekodi: asilimia 15. Kumi na tano! Kompyuta ilikuwa imekaa tu, na bado ilikuwa inakata sauti. Kwa miezi mnawaambia watu wakisikia mikwaruzo wanunue prosesa kubwa zaidi, na prosesa haikuwa na tatizo lolote.

Kurekodi kunakwenda kwa bafa, yaani sauti inapita kwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kina idadi yake ya sampo, vipimo vya sauti. Ukiweka bafa ya sampo 128 kwenye kHz 48 (sampo 48,000 kwa sekunde), kompyuta ina milisekunde 2.67 za kupokea kipande, kukifanyia kazi na kukirudisha, halafu kingine, halafu kingine, bila kukosa hata kimoja. Ukiweka 64 ni milisekunde 1.33. Sasa chukua draiva (programu inayoendesha kifaa) moja mbovu, ya Wi-Fi au ya kadi ya picha, inayoshika prosesa kwa milisekunde 4 mara moja kila dakika. Kwenye gemu hutaiona, macho hayaikamati. Kwenye kurekodi, kipande kimechelewa, na kilichochelewa hakirudi. Hiyo ndiyo ta. Wastani wa matumizi haukuonyeshi kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye wastani, liko kwenye ile mara moja.

Niliweka LatencyMon, programu inayopima draiva ipi inachelewesha kompyuta, ikaonyesha wazi: draiva ya kadi ya picha juu, ya Wi-Fi inafuata. Nikazima Wi-Fi, nikaweka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, mikwaruzo ikapungua sana. Nikachomoa kadi ya picha, nikatumia picha za ndani ya prosesa, ikaisha. Yaani kifaa nilichoambiwa ni lazima, kilichokula sehemu kubwa ya bajeti yangu, ndicho kilichokuwa kinaharibu kazi, kwa feni zake na kwa draiva yake. Na programu ya kurekodi haikuwa inakihitaji. Inachora mistari ya mawimbi na vitelezi vya mikisa tu, picha za ndani zinamudu bila jasho.

(Kwa anayetaka kufuata njia hii, angalia prosesa yako kwanza. Za Intel zenye herufi F mwisho wa jina hazina picha za ndani. Ukichomoa kadi, skrini inabaki nyeusi.)

Na si kwamba prosesa haina maana. Ina maana, ila mnahesabu kitu kisicho chake. Mlolongo wa plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti, kama ikwalaiza ya besi na treble au riva ya mwangwi) kwenye traki moja unakwenda kwa foleni: kompresa inasubiri ikwalaiza, riva inasubiri kompresa. Foleni hiyo huwezi kuigawa kwa koa 16. Kwa anayerekodi sauti yake huku anajisikiliza kupitia plagini, kasi ya koa moja ndiyo inayomwokoa. Koa nyingi zinakuja kusaidia kwenye kumiksi ukiwa na traki 60, na wakati huo unaweza kupandisha bafa hadi 1024 kwa sababu hakuna anayeimba. Milisekunde 21 za kuchelewa hazimsumbui mtu anayemiksi. Prosesa ya wati 65 yenye koa za kasi, chini ya kipoozeo kikubwa kinachozungusha feni polepole, ingenitosha, na ingekaa kimya.

Diski nayo. Mtu aliniandikia kwa herufi kubwa kwamba bila NVMe, SSD ya kasi kubwa, ya megabaiti 7,000 kwa sekunde nisijisumbue. Tupige hesabu pamoja. Traki moja ya biti 24 kwenye kHz 48 ni baiti 144,000 kwa sekunde. Traki 16 kwa mpigo ni kama megabaiti 2.3 kwa sekunde. Diski ya kawaida ya kuzunguka inaandika zaidi ya mara 30 ya hapo. SSD naitaka, ndiyo, kwa sababu haina mlio wa kuzunguka, na kwa mwenye maktaba kubwa za vyombo vya sampo (sauti za vyombo zilizorekodiwa tayari) inapakia haraka. Lakini ya kawaida kabisa inatosha, na aliyeniambia vinginevyo hakuwahi kukaa chini na kalamu.

RAM sina ugomvi nayo. GB 16 kwa anayerekodi sauti na vyombo halisi, 32 kwa mwenye maktaba za sampo nzito.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni kile ambacho hakuna aliyekitaja. Hakuna aliyeniambia feni ya milimita 140 inapitisha hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko ya 120, kwa hiyo kelele yake ni ndogo. Hakuna aliyetaja pawa saplai ambayo feni yake inasimama mzigo ukiwa mdogo. Hakuna aliyeniambia kwamba waya wa USB wa mita 3 na kompyuta iliyosogezwa nyuma ya maiki ni msaada mkubwa kuliko vifaa vyote vya kuwaka taa. Maiki ya kadioidi inasikia kidogo sana kinachotoka mgongoni kwake, kwa hiyo unaielekeza ikipe kisogo kile kisanduku. Hiyo haigharimu hata senti moja! Nimeigundua mwenyewe, baada ya mama mkubwa kuondoka.

Na hela ya ile kadi ya picha ingekuwa wapi? Kwenye kadi ya sauti ya nje (kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) yenye priampu nzuri, yaani kikuza sauti cha maiki, na draiva ya ASIO, ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana, iliyoandikwa na kiwanda chake. Mimi nilikuwa nimebakiwa na hela ya kadi ya sauti ya bei ya chini kabisa, isiyo na draiva yake, nikawa natumia ASIO4ALL, draiva ya jumla ya kuazima. Watu wale wale walioniambia nimalizie bajeti kwenye kisanduku ndio walionicheka nilipoonyesha kadi yangu ya sauti.

Mmoja atakuja hapa aseme "ungeongeza bafa tu". Ukiwa kwenye 1024 na unajisikiliza kwenye hedifoni kupitia kompyuta, sauti inakwenda na kurudi kwa zaidi ya milisekunde 42. Jaribu kuimba hivyo. Unajikuta unaburuta, unaisubiri sauti yako ikufikie.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa uchungu: mtu akiuliza tena, kabla ya kutaja kifaa chochote mwulizeni anarekodi nini, traki ngapi, na kompyuta itakuwa chumba kimoja na maiki au la. Kama hujawahi kurekodi sauti ya mtu kwa maiki, usijibu. Waachie wanaorekodi.

Na nyinyi mnaorekodi, nahitaji msaada wenu, maana mama mkubwa amesema atarudi. Weka orodha ya vifaa vyako, prosesa, mazabodi, kipoozeo, kesi na kadi ya sauti, pamoja na namba ya juu kabisa LatencyMon iliyokuonyesha baada ya nusu saa. Halafu acha maiki pale unapoimbia siku zote, geini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) ile ile, usiseme neno, urekodi sekunde 30 za chumba chako huku mradi mzito ukicheza kwenye hedifoni. Tundika faili lenyewe, bila kuligusa.