Wakuu, Moldova inaingia lini Umoja wa Ulaya? Naomba kueleweshwa

Mtoto wa Mlandizi (mleta uzi)
Salaam wakuu, poleni na majukumu.

Niko Dubai mwaka wa sita sasa, kazi za hoteli, upande wa mapokezi. Juzi kwenye basi la wafanyakazi kulizuka ubishi. Mmoja anasema Moldova inaingia Umoja wa Ulaya karibuni tu, mwingine anasema hata wajukuu zetu hawataliona hilo. Nikasema nilete kwenu mnaojua.

Inaingia lini hasa? Na ikishaingia, mtu mwenye kibali cha kuishi pale, ambaye si raia, ataruhusiwa kwenda kufanya kazi Ujerumani au Italia bila viza?

Ni swali la kawaida tu, msilichukulie vingine. Naomba majibu kabla ya tarehe 28.

Kipanga wa Pugu
Swali la kawaida lina tarehe ya mwisho?

Mwalimu Mstaafu
Kijana, tuanzie mwanzo ndipo utaelewa kwa nini hakuna wa kukupa tarehe.

Mwaka 1951 nchi sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilitia saini kuweka makaa ya mawe na chuma chao chini ya mamlaka moja isiyopokea amri ya serikali yoyote kati yao. Walikuwa wametoka kuuana, na mizinga hutengenezwa kwa chuma. Hapo ndipo Umoja ule unapotofautiana na vikao vingi vya marais tulivyovizoea: nchi haikai mezani tu, inakabidhi kipande cha madaraka yake. Mwaka 1964 mahakama yao ikatamka kwamba sheria ya Jumuiya yao, ndiyo Umoja wa leo, ikigongana na sheria ya nchi, ya Jumuiya ndiyo inayosimama.

Sasa wenye nyumba ya namna hiyo hawamfungulii mtu kwa sababu amebisha hodi. Mwaka 1993 kule Copenhagen waliweka masharti: demokrasia na utawala wa sheria, uchumi wa soko unaohimili ushindani, na uwezo wa kubeba sheria zao zote. Mazungumzo yana sura 35. Kufungua na kufunga sura kunataka wote 27 wakubali. Mmoja akinuna, mnasubiri.

Moldova iliomba Machi 2022, wiki moja baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Juni mwaka huohuo ikawa mgombea pamoja na Ukraine, na Juni 2024 mazungumzo yakafunguliwa rasmi. Serikali yao inataka 2030. Georgia iliomba siku ileile na Moldova, lakini Novemba 2024 serikali yake ikasema mazungumzo yawekwe kando hadi mwisho wa 2028. Uturuki iliomba 1987.

Mtoto wa Mlandizi
Shikamoo mwalimu. Asante sana. Kwa hiyo 2030 inawezekana?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Nimeandika aya nne, umeondoka na neno moja.

Omondi wa Malaba
Mwalimu, heshima zako. Hiyo ya kukabidhi madaraka ndiyo sisi hatuwezi huku. Tuko na Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu Arusha, soko la pamoja tangu 2010, na bado vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa Namanga 2017. Kifaranga hana hata pasipoti, jameni!

Kipanga wa Pugu
Omondi, vile vifaranga viliingia kinyemela, usilete siasa. Ninyi mahindi yetu mliyafanya nini?

Omondi wa Malaba
Mahindi yalikuwa na sumukuvu. Hiyo ni sayansi.

Dada wa Bologna
Ninyi wawili mtatupotezea uzi. Mleta uzi, mimi niko Italia mwaka wa 14. Swali lako la pili ndilo lenye maana, na jibu lake ni HAPANA. Haki ya kuhama na kufanya kazi popote ni ya raia wa nchi wanachama na familia zao. Wewe mwenye kibali cha kuishi utabaki mgeni wa Moldova, iingie isiingie. Ukikaa miaka mitano kihalali kwenye nchi mwanachama kuna kibali cha muda mrefu kinachokusogeza kidogo, lakini kinapatikana nchi ikishakuwa ndani tu.

Hata raia wenyewe huwa wanawekwa barazani kwanza. Poland iliingia Mei 2004, Ujerumani ikawafungulia wafanyakazi wa Poland mlango kikamilifu Mei 2011. Miaka saba!

Sasa nikuulize mdogo wangu. Watu wa Dubai nawajua. Wanaota Canada, wanaota Australia. Nani anaota Moldova?

Kipanga wa Pugu
Hapo sasa.

Mtoto wa Mlandizi
Basi nitasema, ila msinishambulie.

Kuna mtu. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu, yeye yuko idara ya usafi, msimamizi. Kwao ni Moldova. Ni mwanamke mwenye heshima, hanywi, na ugali anaupika kuliko mimi, maana na wao wana wa kwao wa mahindi wanauita mămăligă, wanakula na jibini na mtindi mzito. Mkataba wake umeisha, anarudi kwao. Tumepanga kufunga ndoa Chișinău, mji mkuu wao, na kufungua kibanda cha chakula.

Barua ya kuacha kazi nilishapeleka. Notisi inaisha tarehe 28. Na kuna kiwanja changu Kibaha nimekiweka sokoni kwa ajili ya mtaji. Kwa hiyo nisiambiwe nisiende. Nilichouliza ni lini wanaingia.

Mama Zawadi
Mwanangu, mama yako anajua?

Jembe la Mkono
Umeacha kazi ya dirham kwa sababu ya uji mgumu wa kizungu. Sawa.

Mtu wa Pwani
Mimi nilimfuata mwanamke Uturuki mwaka 2015. Sitasema zaidi. Nina biashara ya bodaboda sasa hivi, namshukuru Mungu.

Mama Zawadi
Hujajibu. Mama anajua?

Dada wa Bologna
Subirini kwanza. Mleta uzi, huyo mwenzio anatembea na pasipoti gani?

Mtoto wa Mlandizi
Ya kwao. Dada, hilo halihusiani. Mimi nataka kujua upande wa nchi.

Dada wa Bologna
Linahusiana kuliko yote uliyoandika. Kwao wapi? Pasipoti rangi gani, imeandikwaje juu?

Mtoto wa Mlandizi
Anazo mbili. Moja ya Moldova, nyingine ya Romania. Ile ya Romania aliipata kwa sababu ya babu yake, mambo ya zamani. Ndiyo anayosafiria. Sikuona kama ina umuhimu.

Dada wa Bologna
HAINA UMUHIMU?

Wakuu, mmeona? Tumefundishwa historia tangu 1951, tumechomewa vifaranga, na bwana ana mchumba ambaye TAYARI ni raia wa Umoja wa Ulaya! Sehemu kubwa ya Moldova ilikuwa ndani ya Romania hadi 1940. Wenye wazazi au mababu waliokuwa raia wakati ule wanarudishiwa uraia, na wamefanya hivyo kwa mamia ya maelfu. Romania iliingia 2007. Kwa huyo dada, swali la Moldova itaingia lini lilishakwisha.

Sikiliza vizuri. Mkioana kweli, mkaenda kuishi Italia au Ujerumani au popote nje ya Romania, na yeye akawa na kazi, wewe mume unastahili kadi ya makazi ya mwanafamilia, ya miaka mitano, na unafanya kazi. Mkikaa Romania kwenyewe, mtaangukia sheria za Romania. Mkikaa Chișinău, pasipoti yake ya Romania haikusaidii wewe chochote. Hapo ndipo ulipochagua kwenda.

Na nimesema mkioana KWELI. Ndoa za karatasi wanazichimba hadi rangi ya mswaki.

Mtoto wa Mlandizi
Dada nimekuelewa, lakini Chișinău tumeshaamua. Mama yake ni mgonjwa, anaishi Tiraspol, hataki kuhama. Kutoka Chișinău ni safari fupi. Halafu nchi ikiingia nikiwa nimeshajenga biashara, mimi nitakuwa wa kwanza pale. Wengine watakuja nimeshakaa. Hiyo ndiyo hesabu yangu.

Mwalimu Mstaafu
Tiraspol! Ungeanza na hilo. Huko ni ng'ambo ya mto Nistru, ukanda uliojitangazia kujitenga 1990, vita ikapiganwa 1992. Askari wa Urusi wapo mpaka leo na wana sarafu yao isiyotambuliwa kwingine. Serikali ya Chișinău haiutawali. Watu huuliza kama Moldova itaingia na kidonda hicho. Cyprus iliingia 2004 ikiwa imegawanyika, kwa hiyo haikosi mfano. Lakini kura ya maoni ya Oktoba 2024 ya kuandika Ulaya kwenye katiba yao ilipita kwa asilimia 50.35, na kura za walio nje ndizo zilizoivusha. Nchi iliyogawanyika hivyo usiifanyie hesabu ya kibanda.

Aliyeganda Iași
Nimeona Moldova nikaingia mbio. Mimi nilisoma Iași, Romania, karibu na mto Prut, Moldova iko upande wa pili. Kulikuwa na mabasi madogo ya kwenda Chișinău, wanayaita rutiera, daladala kabisa isipokuwa konda hayupo na hakuna anayeongea. Siku moja Januari tulikaa mpakani kwa muda wa saa nne, baridi ya kukata masikio. Wenzangu wote wakachomoa pasipoti za Romania. Mimi peke yangu na pasipoti yangu ya Tanzania. Askari akaigeuza, akaigeuza tena, akamwita mwenzake, wakaigeuza wote. Bibi mmoja kwenye kiti cha nyuma akanipa kipande cha mkate wa jibini, akaniambia kwa ishara nile, hawa watachelewa.

Na Romania yenyewe, pamoja na kuingia 2007, uzio wa Schengen, yaani lile eneo la kupita mipaka bila kukaguliwa, uliondolewa wote Januari 2025. Miaka 18.

Nilisahau nilitaka kushauri nini. Nunua koti zito.

Mpekuzi Asiyelala
Jamani amkeni. Hii ni CHAI, tena haina hata tangawizi.

Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Mwezi Februari alikuwa anauliza dawa ya mdondo wa kuku, akaandika "kuku wangu hapa Kibaha wanakufa". Leo yuko Dubai mwaka wa sita? Halafu angalieni uzi ulivyoenda. Kaleta swali la Moldova, mwalimu kamwagia makaa ya mawe, Copenhagen, mamlaka juu ya mataifa. Dada kaleta haki za raia. Mgogoro wa Tiraspol umeingizwa hapohapo panapohitajika. Huyu ni mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, asainimenti yake inakusanywa tarehe 28!

Jembe la Mkono
Duh. Na mchumba wa pasipoti mbili ni kipengele cha b.

Omondi wa Malaba
Mimi nataka alama zangu za vifaranga.

Kipanga wa Pugu
Nilisema tangu mwanzo. Swali la kawaida lina tarehe ya mwisho.

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha miaka 34. Sijawahi kusahihisha asainimenti yenye kiwanja ndani yake. Lakini kama ndivyo, kijana, ungeomba tu. Ningekupa na vitabu.

Mtoto wa Mlandizi
Mpekuzi, kama huna ushauri pita kushoto. Kuku ni wa dada yangu. Ndiye anayeishi pale Kibaha, mimi nilimwombea dawa humu kwa sababu yeye hana akaunti. Nikaandika "wangu" kwa sababu banda nilijenga mimi, kwenye kiwanja changu, kwa jasho langu. Mimi si mwanafunzi, niliishia kidato cha nne.

Mama Zawadi
Ngoja ngoja. Kiwanja hicho hicho unachokiuza?

Mtoto wa Mlandizi
Ndiyo.

Mama Zawadi
Dada yako anaishi juu yake na kuku wake, na wewe umekiweka sokoni. Yeye amejuaje?

Mtoto wa Mlandizi
Bado sijamwambia. Dalali nilimwomba awapeleke wateja mchana, dada akiwa sokoni.

Mpekuzi Asiyelala
Naomba radhi wakuu. Hii si chai. Hakuna mwanafunzi anayeweza kutunga upuuzi huu.

Dada wa Bologna
Mdogo wangu, sitakutukana. Usiuze. Mpigie dada yako leo, si kesho. Halafu kaa na huyo mwenzio mwulize jambo moja: kwa nini yeye, mwenye pasipoti ya kuishi Milano au Berlin, anataka mkaanzie Chișinău, na kama ni mama, mama akiondoka mtafanya nini? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha. Na barua ya kuacha kazi, nenda idara ya utumishi ukaulize kama bado inaweza kurudishwa. Notisi haijaisha.

Mtoto wa Mlandizi
Nafasi wameshampa mtu. Nilimfundisha mimi mwenyewe wiki iliyopita.

Nimempigia dada. Hakupokea. Nitajaribu baada ya isha.

Mtu wa Pwani
Hata mimi kabla ya Uturuki ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilimfundisha mrithi wangu hadi kufunga tai.

Fundi Tofali
Samahani wakuu, ndiyo naingia. Hicho kiwanja ni hatua ngapi kwa ngapi, na kina hati au ni karatasi ya serikali ya mtaa?

Mtoto wa Mlandizi
20 kwa 30, kimepimwa. Lakini si umesoma hapo juu? Bado sijaongea na dada.

Fundi Tofali
Nimesoma. Na hao kuku wanabaki au anaondoka nao?