Programu inaita sisti za amiba seli nyeupe: kasoro iko wapi?

Maabara_Lindi:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Niko katika maabara ya kituo cha afya mkoani Lindi, na pamoja na kijana mmoja anayesomea kompyuta tunaifundisha programu kutambua seli nyeupe za damu katika picha za choo, ambazo tunazipiga kwa simu iliyobanwa kwenye lenzi ya jicho ya hadubini, kwa ukuzaji wa mara 400. Katika picha za majaribio ilifanya vizuri mno, lakini ilipopewa sampuli za wagonjwa wapya ikaanza kuziita sisti za amiba (vimelea vya amiba vilivyojifunika ganda) kuwa ni seli nyeupe, na hata matone ya mafuta hayakusalimika. Je, tubadilishe mtandao wa neva, yaani ule muundo wa programu unaojifunza kutokana na picha?

Mwana_Mikindani:
Msibadilishe kwanza. Chunguzeni mlivyogawa picha: kama za slaidi moja ziliingia kwenye mafunzo na nyingine za slaidi hiyohiyo kwenye majaribio, programu ni sawa na mwanafunzi aliyeuona mtihani kabla ya siku yake. Gaweni kwa mgonjwa, si kwa picha.

Dada_wa_Masasi:
Naafiki, ila mimi naanzia kwenye slaidi yenyewe. Nyutrofili, ambayo ni aina ya seli nyeupe, ina upana wa takriban mikromita 10 hadi 15, na sisti ya amiba 10 hadi 20, kwa hiyo ukubwa hauwezi kuzitenganisha. Kinachozitenganisha ni kiini, ambacho katika maji ya chumvi matupu hata sisi wazoefu hukiona kwa shida. Chukua sehemu yenye ute, weka tone la methilini bluu, subiri dakika 2 au 3, ndipo utaona kiini cha nyutrofili kikiwa vipande vilivyoungana kwa uzi mwembamba, ilhali sisti iliyokomaa ina viini 4 vya mviringo vilivyoachana. Kila eneo lipigwe picha kadhaa huku ukizungusha taratibu kirekebishi cha hadubini kinachoweka picha wazi, maana slaidi ya majimaji ina kina. Choo kilichokaa mezani tangu asubuhi msikitumie. Seli huharibika haraka.

Maabara_Lindi:
Ahsante, dada. Je, programu ikiona seli chache, tuandike kwamba ni amiba?

Dada_wa_Masasi:
Hapana, kaka. Ni kweli kwamba kuhara damu kwa bakteria wa Shigela huleta seli nyingi, na amiba huziharibu hata zikaonekana chache, lakini amiba huthibitishwa kwa kuonekana yenyewe. Programu ihesabu seli kwa kila eneo na kuonyesha picha zenye shaka. Majibu yaandikwe na mtaalamu aliyeitazama slaidi.