Mjadala: RuO2 iondolewe kwenye mifano ya altamagneti, au tunaihukumu mapema?

Mleta mada

Wadau wa fizikia, habari zenu. Nimeileta mada hii kwa sababu kila nikifungua makala mpya kuhusu altamagneti, yaani sumaku ambazo jumla ya usumaku wake ni sifuri lakini elektroni zake za spini juu na chini hazina nishati sawa, nakuta dioksidi ya rutheni, RuO2, imetangulizwa kama mfano wa kwanza. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kutengana kwa bendi za spini ndani ya antiferomagneti ni jambo la kweli na limeshapimwa. RuO2 ndiyo isiyostahili tena kutolewa ushahidi, na kuendelea kuing'ang'ania kunaiharibia sifa fani nzima.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Elektroni ina spini, yaani kausumaku kake kadogo, ama juu ama chini. Kwenye chuma, spini za atomu nyingi zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo elektroni ya spini juu na ya spini chini hazina nishati sawa, na bendi zao, yaani ngazi za nishati ambazo elektroni inaruhusiwa kukaa, zinatengana. Kwenye antiferomagneti atomu zinapingana, moja juu moja chini, na jumla inakuwa sifuri. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba jumla ikiwa sifuri basi bendi nazo zinalaliana, hakuna tofauti ya juu na chini. Louis Néel mwenyewe, aliyepewa Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake juu ya vitu hivi, alisema katika hotuba yake ya tuzo kwamba vinavutia sana kinadharia lakini havionekani kuwa na matumizi.

Kinachoamua, kumbe, si jumla peke yake. Ni namna atomu ya juu inavyoweza kuchukua nafasi ya atomu ya chini. Ikiwa unaweza kuisogeza fuwele hatua moja, au kuipindua kupitia kitovu chake, atomu ya juu ikaangukia mahali pa atomu ya chini, bendi zitalaliana. Lakini ikiwa haiwezekani bila kuizungusha, mambo yanabadilika. Tazama fuwele ya RuO2: kila atomu ya rutheni imezungukwa na oksijeni sita, na oksijeni za atomu jirani zimekaa kwa mpangilio uleule ila umegeuzwa nyuzi 90. Oksijeni hazina usumaku wowote, lakini mkao wao unaifanya njia ya elektroni ya spini juu isifanane na ya spini chini. Elektroni ikienda upande mmoja, spini juu ndiyo yenye nishati kubwa. Geuka nyuzi 90 na spini chini inashika nafasi hiyo. Katikati yao kuna mielekeo ambako zinakutana. Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth walizipanga sumaku za namna hii kwa sheria za ulinganifu na kuziita altamagneti.

RuO2 ikapata umaarufu kwa sababu zinazoeleweka. Inapitisha umeme vizuri. Mahesabu yalitoa mtengano wa kama elektronivolti 1.4 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), wakati nishati ya joto la chumba ni kama elektronivolti 0.025 tu. Na vipimo vya nyutroni vya mwaka 2017 vilisema usumaku wake unadumu hata kupita joto la chumba.

Shida ni hivyo vipimo vya 2017. Usumaku ulioripotiwa ulikuwa kama 0.05 ya magnetoni ya Bohr, kipimo cha usumaku wa atomu, kwa kila atomu ya rutheni, kiasi kidogo mno. Mwaka 2024 makundi mawili, moja la Japani na jingine la Ulaya, yakaja na muoni, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi. Muoni chanya inapigwa ndani ya fuwele, inakwama katikati ya atomu, na spini yake inajulikana inatazama wapi. Inaishi wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha inaoza na kurusha positroni (elektroni yenye chaji chanya), mara nyingi zaidi upande ule spini yake ilikokuwa ikitazama. Pakiwa na uga wa sumaku mahali ilipokwama, spini inazunguka, na hesabu ya positroni za mbele na za nyuma inapanda na kushuka kwa mapigo. Kwenye RuO2 mapigo hayakuonekana. Kundi la Ulaya liliweka kikomo cha juu cha 0.00014 ya magnetoni kwa fuwele nene na 0.00075 kwa filamu nyembamba. Kwa fuwele nene hiyo ni chini ya ile 0.05 kwa zaidi ya mara 300! Wakarudia na nyutroni pia, wakaonyesha kwamba ishara ya zamani inaweza kuelezwa na nyutroni kutawanywa zaidi ya mara moja ndani ya fuwele, bila usumaku wowote.

Sasa mwenye hoja ya kuitetea RuO2 karibu.

Mwanafunzi wa uzamili, filamu nyembamba

Mkuu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu fuwele nene. Ninapotofautiana nawe ni pale unapoihukumu kila RuO2 kwa kipimo cha sampuli chache.

Vifaa havitengenezwi kwa fuwele nene. Vinatengenezwa kwa filamu za nanomita chache zinazooteshwa juu ya dioksidi ya titani, TiO2, au kitu kingine, na filamu hiyo inavutwa na tabaka la chini yake. Atomu zinasogea kidogo, na bendi zilizo karibu na kiwango cha juu cha nishati kilichojazwa na elektroni zinasogea nazo. Mwaka 2022 makundi kadhaa yaliripoti kwamba RuO2 inatoa mkondo wa spini (mtiririko wa spini badala ya chaji) ulioinama, na kwamba mkondo huo unabadilika ukigeuza mwelekeo wa fuwele, kama nadharia ya altamagneti ilivyotabiri. Mwaka huohuo ikaripotiwa athari ya Hall isiyo ya kawaida, yaani volti inayozuka kando ya mkondo wa umeme, ndani ya uga mkubwa wa sumaku. Hivyo vyote tuvitupe?

Halafu kuna mahesabu ya mwaka 2024 yanayosema RuO2 iliyo kamili, isiyo na atomu iliyopungua, haina usumaku. Lakini zikikosekana atomu za rutheni hapa na pale, usumaku unaweza kuzuka. Maana yake sampuli ya maabara moja inaweza kuwa na usumaku na ya maabara nyingine isiwe nao, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Anayeotesha filamu analijua hili. Ukibadilisha shinikizo la oksijeni kidogo tu, umepata kitu kingine.

Na muoni nayo ina udhaifu wake. Ikikwama mahali ambapo uga wa atomu ya juu na wa atomu ya chini unafutana, haitaona kitu hata kama usumaku upo.

Mleta mada

Marahaba, kijana, na ahsante kwa hoja nzito. Nianze na hiyo ya mwisho. Waliopima hawakuisahau: walihesabu muoni inakaa wapi ndani ya RuO2, na vikomo vyao vimetokana na mahali hapo. Na kikomo cha 0.00075 ni cha filamu, si cha fuwele nene.

Kuhusu mkondo wa spini, sikatai kipimo. Nakataa tafsiri kuwa moja tu. Rutheni ni atomu nzito, na ndani yake spini imefungamana na mwendo wa elektroni. Hilo peke yake linaweza kuzalisha mkondo wa spini bila usumaku. Kutenganisha sehemu ya altamagneti na sehemu hiyo ya kawaida ni kazi ngumu, na hoja yote ya makala hizo imebebwa na utenganishaji huo.

Hoja yako ya atomu zinazokosekana ndiyo naiona ya maana kuliko zote. Lakini ona inatupeleka wapi. Ikiwa usumaku unategemea kasoro za sampuli, basi RuO2 haiwezi kuwa mfano wa kitabuni wa kitu kinachotokana na ulinganifu wa fuwele. Itakuwa mada yake yenyewe: namna kasoro zinavyowasha usumaku. Mada nzuri, ila si hii.

Mdau wa spektroskopia

Naongezea upande wa bendi zenyewe, maana ndiko jibu la moja kwa moja liliko. Unaipiga sampuli mwanga wenye nishati kubwa, elektroni zinaruka nje, unapima nishati na pembe ya kila moja. Ukiwa na kifaa cha spini unapima na spini. Kwa RuO2 mwaka 2024 ulituletea majibu mawili yanayogongana. Kundi moja likaripoti alama za kuvunjika kwa ulinganifu wa wakati ndani ya bendi, yaani ukiurudisha wakati nyuma bendi hazibaki vilevile, dalili ya usumaku. Kundi jingine likapima fuwele na filamu na kukuta bendi zinafuata mahesabu ya RuO2 isiyo na usumaku. Spini waliyoiona ilikuwa na mpangilio kinyume na ule altamagneti inaoutaka. Ukiwa na majibu mawili ya hivyo, huruhusiwi kuchagua linalokupendeza.

Mwalimu wa sekondari

Jamani, mimi nafundisha kidato cha sita na nimewafuatilia vizuri. Swali langu ni moja. RuO2 ikianguka, nadharia nzima inaanguka nayo? Wanafunzi wangu wamesikia kuna aina ya tatu ya sumaku na wananiuliza kama ni kweli.

Mleta mada

Mwalimu, haianguki, na waambie hivyo bila wasiwasi. Kuna teluridi ya manganizi, MnTe. Hiyo haina ubishi wa kama ina usumaku: kila atomu ya manganizi ina zaidi ya magnetoni 4, na mpangilio unadumu hadi karibu kelvini 310. Februari 2024 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya bendi za MnTe vilivyofanyika Villigen, Uswisi, na mtengano uliotabiriwa ukaonekana. Makundi mengine yalifikia matokeo ya kukubaliana nayo mwaka huohuo. Kuna pia antimonidi ya kromi, CrSb: mpangilio wake unadumu kupita kelvini 700, na mtengano uliopimwa kwenye filamu zake ni zaidi ya nusu ya elektronivolti.

Kilichonifurahisha mimi zaidi ni picha za Desemba 2024. Ndani ya altamagneti kuna maeneo, na katika eneo moja "juu" na "chini" zimepangwa kinyume na eneo la jirani. Ukipima sampuli yote kwa mkupuo, maeneo yanafutana na unaweza kudhani hakuna kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakitumia eksirei za mtambo wa MAX IV huko Sweden, walipiga picha za maeneo hayo ndani ya MnTe moja moja, na wakaweza hata kuyapanga kwa kukata umbo la filamu na kutumia uga wa sumaku. Hapo sasa unaongelea kitu ulichokishika.

Mdau mkongwe

Naomba msiseme "aina ya tatu" kirahisi hivyo. Wanafizikia Pekar na Rashba waliandika mwaka 1964 kwamba uga wa sumaku ndani ya fuwele unaweza kutenganisha bendi kwa namna inayotegemea mwendo wa elektroni. Kabla ya hapo, miaka ya 1950, mwanafizikia Dzyaloshinskii alionyesha kwa hoja za ulinganifu tu kwamba antiferomagneti kama MnF2 na CoF2 (floridi za manganizi na kobalti) ukizikandamiza zitatoa usumaku. Mwaka 2020 kundi la mwanafizikia Alex Zunger, Rashba akiwemo, likahesabu mtengano mkubwa ndani ya MnF2 hiyohiyo. Bado ni antiferomagneti, ila zenye ulinganifu wa pekee. Familia ndani ya familia.

Mwanafunzi wa uzamili, filamu nyembamba

Mzee wangu, historia hiyo naiheshimu. Ila kabla ya 2019 hivi, watu wa vifaa hawakuwa na orodha ya kuchagulia. Leo nikipewa fuwele mpya, naangalia kundi lake la ulinganifu la spini na najua kabla ya kuotesha kama bendi zitatengana. Hilo limetuongoza kwenye CrSb. Uiite familia au aina, mimi kazi yangu imerahisishwa.

Kwa mleta mada: narudi kwenye RuO2 kwa sababu ya fedha na muda wa watu. Kuna wenzangu duniani wana tasnifu nzima juu ya filamu hizi. Tukisema iondolewe kwenye mifano, wasimamizi wao watasikia "acheni".

Mleta mada

Hapo nakuelewa, na sitaki waache. Kuna sababu ya kuendelea: kumbukumbu ya kompyuta inayotumia altamagneti haitatoa uga wa kusumbua seli za jirani, na spini zake zinajibu kwa kasi ya terahetzi (mitetemo trilioni kwa sekunde), kwa hiyo kila kitu kinachoweza kufika huko kinastahili kuchunguzwa. Ninachotaka ni utaratibu. Mpaka sasa mkondo wa spini unapimwa kwenye filamu ya maabara moja, muoni kwenye sampuli ya maabara nyingine, na bendi kwenye ya tatu. Basi itafutwe filamu moja, ioteshwe kwa shinikizo la oksijeni lililoandikwa, ipimwe imepungukiwa rutheni kiasi gani, kisha filamu hiyohiyo ipitishwe kwenye muoni za nishati ndogo, kwenye spektroskopia ya spini na kwenye kipimo cha mkondo. Muoni ikionyesha mapigo na mkondo ukafuata mwelekeo wa fuwele, nitakuwa wa kwanza kuirudisha RuO2 mezani. Mwenye taarifa za maabara inayofanya hivyo tayari aweke hapa tuifuatilie.