Peleti, mchanganyiko wa mbegu au chakula cha kujitengenezea: kipi kinamfaa panya mdogo anayechagua chakula?

MleziWaPamba (mwanzisha mada)

Salamu kwenu nyote. Naomba tulinganishe njia tatu za kumlisha panya mdogo wa kufugwa, kwa sababu zote tatu nimekwisha kuzijaribu na bado moyo wangu haujatulia.

Ninao panya wawili wa kike, Pamba na Jivu, wenye umri wa miezi saba, wanaoishi katika kizimba kimoja. Jivu hula chochote anachowekewa. Pamba huchagua. Nikiwawekea mchanganyiko wa mbegu wa kununua, huzama ndani ya bakuli, akaibuka na alizeti, akaenda kuimenya pembeni, kisha akarudi kutafuta nyingine, na alizeti zikiisha haigusi ngano wala shayiri hadi usiku wa pili. Nilipowahamishia kwenye peleti, yaani vipande vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa pamoja, Pamba alizinusa, akazisukuma kwa pua, akaondoka. Kwa wiki nzima niliamini kwamba amezikubali, kwa kuwa kila asubuhi nililikuta bakuli tupu. Siku ya kubadilisha maranda ndipo nilipozikuta zimefukiwa chini ya kibanda chao cha kulalia, nyingi zikiwa hazina hata alama ya jino.

Njia ya tatu ni nafaka ninazozichanganya mwenyewe, pamoja na kipande kidogo cha karoti au brokoli na chembe ya yai la kuchemsha. Hiyo anaifurahia, lakini ninaogopa kwamba kuna kitu mwili wake unakikosa ambacho mimi sikioni. Ninyi mnatumia njia ipi, na mmeichagua kwa sababu gani?

Mkia_Mrefu

Ndugu mwanzisha mada, mimi ni wa peleti, na sababu yangu kubwa ni hiyo tabia uliyoieleza. Mchanganyiko wa mbegu unaweza kuandikwa kwenye mfuko kwamba una protini kiasi fulani na mafuta kiasi fulani, lakini hesabu hiyo ni ya mfuko mzima. Panya anayetoa alizeti peke yake anakula chakula kingine kabisa, ambacho karibu nusu yake ni mafuta, chenye kalsiamu kidogo ikilinganishwa na fosforasi, na hana njia ya kurekebisha upungufu huo kwa sababu kilichobaki bakulini hakitaki. Peleti haina cha kuchagua. Kila tonge ni sawa na lililotangulia.

Wapo wanaosema kwamba mnyama hujua mwenyewe mwili wake unahitaji nini. Kwa panya wa porini huenda maneno hayo yana uzito, kwa kuwa yeye hutembea usiku kucha akiokota mbegu za majani, wadudu na mizizi, na mafuta hayapati kwa wingi. Panya wa kizimbani hatembei hivyo, na alizeti anawekewa miguuni.

Upande wa viwango, wataalamu wa lishe wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1993 American Institute of Nutrition, chama cha wanasayansi wa lishe cha Marekani, ilitoa fomula mbili za chakula cha panya wa maabara, moja kwa wanaokua, wajawazito na wanaonyonyesha, nyingine kwa panya wazima. Katika ile ya kwanza mafuta ni asilimia 7, katika ya pili ni asilimia 4, na protini nayo imepunguzwa. Kwa hiyo panya wako wa miezi saba, ambao hawana mimba, wanahitaji peleti ya panya wazima yenye protini ya kati ya asilimia 14 na 18 na mafuta ya asilimia 4 au 5. Usinunue chakula cha sungura wala cha pimbi wa kufugwa (guinea pig) ukidhani ni kilekile, maana hao wanaishi kwa majani.

Nafaka_Saba

Namheshimu Mkia_Mrefu, lakini hapo natofautiana naye. Peleti za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya majaribio, ambako lengo ni kila panya apate kitu kilekile ili matokeo yaweze kulinganishwa. Hilo ni lengo zuri kwa mtafiti. Mimi ninayemfuga panya kwa mapenzi nina lengo jingine pia, nalo ni kwamba usiku wake uwe na kazi ya kufanya, na kazi kubwa ya panya ni kutafuta chakula.

Mimi huchanganya mwenyewe. Sehemu kubwa, kama robo tatu, ni nafaka: ngano, shayiri, mtama, na wali mkavu ambao haukutiwa chumvi wala mafuta. Mbegu zenye mafuta, yaani alizeti na mbegu za maboga, ni chache sana; kwa panya mmoja nahesabu moja au mbili kwa siku. Protini ya wanyama naiongeza mara mbili kwa wiki, iwe yai la kuchemsha au wadudu waliokaushwa. Mboga natoa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na mabaki nayaondoa asubuhi kabla hayajaoza.

Bakuli silitumii. Namwaga chakula juu ya maranda na kukichanganya humo, ili kila mbegu itafutwe. Panya aliyetumia dakika kumi kufukua punje moja ya shayiri huila, ilhali hiyohiyo akiikuta bakulini huiruka. Vilevile natoa cha siku moja tu, na siongezi hadi kilichopo kiishe. Ukijaza kila jioni, unamfundisha kungoja alizeti mpya.

Ninakiri udhaifu wa njia hii: madini na vitamini ni vigumu kuvipima nyumbani. Vitamini C haihitaji kutiliwa wasiwasi, kwa kuwa panya huitengeneza mwilini mwake, tofauti na pimbi wa kufugwa, lakini kalsiamu na vitamini D ni habari nyingine. Ndiyo maana na mimi huweka peleti chache ndani ya mchanganyiko. Chokoleti, vitunguu, maharage mabichi na chochote chenye kafeini au pombe visikaribie kizimba, wala kitu cha kunata kinachoweza kumkaba, kwa sababu panya hana uwezo wa kutapika.

Mizani_Ndogo

Samahani kwa kuingilia kati ya hoja zenu mbili, ambazo zote nimezisoma kwa makini. Naomba kwanza tujue jambo moja: Pamba ana uzito gani leo, na mwezi uliopita alikuwa na uzito gani?

Nauliza kwa sababu tunalinganisha vyakula kana kwamba tunajua nini kinaingia tumboni, na hatujui. Panya huficha chakula. Bakuli tupu halisemi amekula, na bakuli lililojaa halisemi ana njaa, kwa kuwa huenda anakula akiba aliyoifukia. Kinachosema kweli ni mizani. Mizani ya jikoni inayopima gramu mojamoja inatosha: weka kikopo chenye kifuniko juu yake, isawazishe isome sifuri, mtie panya ndani, soma, andika tarehe. Fanya hivyo kila baada ya siku tatu, saa ileile.

Panya mzima ana gramu 20 hadi 40, hula takriban gramu 3 hadi 5 kwa siku na kunywa mililita 4 hadi 7. Tazameni uwiano huo: kwa siku moja hula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwili wa namna hiyo hauna akiba ya kungojea. Kwa hiyo lile shauri la kutoongeza chakula hadi kilichopo kiishe linamfaa panya mnene mwenye afya, lakini panya aliyekwisha kupungua linaweza kumdhuru ndani ya siku moja au mbili.

Kabla hujamwita mchaguzi, kagua mambo mawili. La kwanza ni maji. Panya asiyepata maji huacha chakula kikavu mapema sana, na peleti ndiyo hukataa kwanza, huku kipande cha karoti akikila kwa pupa kwa sababu kina maji. Gusa gololi iliyo kwenye mdomo wa chupa kwa kidole, uone kama tone linatoka. Usitosheke na kuona kwamba chupa imejaa, kwa maana chupa inayobaki imejaa ndiyo ya kutiliwa shaka. La pili ni meno. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, na yasipokutana vizuri huchomoza kando, akashindwa kuuma kitu kigumu. Panya wa namna hiyo hupenda laini na huacha ngumu, nasi tunasema anadeka.

MleziWaPamba

Nawashukuru, na swali la Mizani_Ndogo limenifanya niinuke usiku uleule. Mwezi wa tano wa umri wake nilimpima Pamba akawa na gramu 31. Sasa ana 27. Jivu ana 33. Sikujua kwamba tofauti hiyo ni kubwa hadi nilipoiweka kwenye hesabu: ni zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Meno yake yanakutana sawasawa, ya rangi ya manjano, hayakuchomoza. Chupa ndiyo iliyoniumiza moyo. Gololi ilikuwa imekwama nusu, na ili tone litoke nililazimika kuisukuma kwa nguvu ambayo panya hana. Jivu naye ni mwenye nguvu zaidi na hula mboga nyingi, huenda ndiyo maana yeye hakuonyesha dalili. Nilipowawekea maji katika kisahani kizito, Pamba alikunywa bila kuinua kichwa kwa muda ambao sijapata kumwona akinywa. Asubuhi nimempeleka kwa daktari wa wanyama, ambaye hakuona ugonjwa mwingine na ameniagiza nimpime kila siku kwa wiki mbili.

Nafaka_Saba

Pole sana, ndugu. Na ninaliondoa shauri langu la chakula cha siku moja kwa Pamba. Nililitoa kabla ya kuuliza uzito, nalo halikumfaa. Kwa sasa mwekee zaidi ya anachohitaji, hata alizeti azipate kidogo, hadi uzito urudi. Kuchagua tutakushughulikia baadaye.

Usiku_Mwema

Naongeza jambo kuhusu kumzoesha peleti, kwa kuwa una bahati ya kuwa na panya wa pili. Panya hujifunza chakula kwa kunusa pumzi ya mwenzake aliyekwisha kula. Mtafiti wa tabia za wanyama Bennett Galef na wenzake walionyesha hivyo kwa panya wakubwa (rats), na mwaka 1988 wakaonyesha kwamba kaboni disalfaidi, gesi iliyomo katika pumzi, ndiyo inayoipa harufu ya chakula maana ya usalama; panya wadogo (mice), kama hawa wako, nao waliitikia gesi hiyo. Kwa hiyo mtoe Jivu jioni, mpe peleti akiwa peke yake kwa nusu saa, kisha mrudishe kwa Pamba. Wataonana pua kwa pua. Usiku huohuo weka peleti zilezile kizimbani.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Peleti iliyopita miezi sita hupoteza vitamini na mafuta yake huanza kuchacha, na pua ya panya hulitambua hilo kabla yetu. Mfuko mkubwa kwa panya wawili ni hasara. Nunua mdogo, uufunge vizuri, uuweke penye baridi na giza.

Ukihamisha, hamisha polepole kwa wiki mbili au tatu, ukianza na robo ya peleti ndani ya kile anachokijua. Na weka chakula jioni, kwa sababu mchana ni wakati wao wa kulala.

Mkia_Mrefu

Nakubali kuzimwaga peleti juu ya maranda, jambo ambalo sikuwa nikilifanya. Ninachoomba ni usiziponde kuwa unga ili kumrahisishia. Ni kweli kwamba meno ya mbele hulika zaidi kwa kusuguana yenyewe kwa yenyewe kuliko kwa ugumu wa chakula, lakini unga hulowa mkojo, hupotea ndani ya maranda, na hutajua kamwe amekula kiasi gani. Zivunje vipande viwili au vitatu, inatosha. Ukizilowesha kwa maji wakati huu anapopata nafuu, ziondoe baada ya saa chache.

MleziWaPamba

Leo imetimia wiki ya nne, nami narudi na hesabu. Pamba alifika gramu 29 kwa siku sita, ambazo naamini kwa sehemu kubwa ni maji tu yaliyorudi mwilini, na sasa ana 31. Chupa ni mpya, zipo mbili, na gololi nazigusa kila jioni.

Chakula nimekipanga hivi: peleti zilizovunjwa ni zaidi kidogo ya nusu, nafaka ndizo zinazofuata, vyote vimemwagwa juu ya maranda, na alizeti moja kwa kila panya naitoa kwa mkono ili nijue nani ameila. Njia ya Jivu kula kwanza ilileta matokeo usiku wa tatu. Kabla ya hapo Pamba alikuwa amezigusa mara moja tu. Kila Jumapili nafukua chini ya kibanda na kuipima akiba. Wiki ya kwanza nilikuta gramu 14 za peleti, wiki iliyopita gramu 3.

Shayiri bado haitaki, naye Jivu humalizia. Nimeamua kutoigombania, kwa kuwa anakula ngano na mtama. Nitakachokifuatilia sasa ni iwapo gramu 31 zitabaki hapohapo alizeti zikiendelea kuwa moja, na nitaileta hapa karatasi ya vipimo mwisho wa mwezi ujao.