Tumeboresha seva, nusu ya watu hawaingii, halafu tunaambiwa "nywila si sahihi"?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivyohivyo.

Seva yetu ya saraka, ile inayobeba akaunti za kila mtu kazini, tumeipandisha toleo la mfumo endeshi kwa kufuata mwongozo wa msambazaji neno kwa neno. Mwisho ikatokea alama ya kijani: "Uboreshaji umekamilika bila hitilafu." Asubuhi watu wanakaa, wanaandika jina na nywila, wanaambiwa nywila si sahihi. Na si wote! Huyu anapita, jirani yake anakataliwa. Mwingine anaingia vizuri kwenye laptop yake, akihamia mashine ya mezani anagonga mwamba, nywila ileile, vidole vilevile.

Nikafungua tiketi ya msaada kwa msambazaji. Jibu la kwanza: nihakikishe Caps Lock imezimwa. Jamani! Ofisi nzima imesahau Caps Lock usiku mmoja? Jibu la pili: mtumiaji abadilishiwe nywila. Nikambadilishia mmoja, kweli akaingia, wao wakafunga tiketi: "Tatizo limetatuliwa." Limetatuliwa wapi? Kwa nini nywila mpya ikubali na ya zamani, ambayo ni sahihi, ikatae? Kimya.

Basi nikachimba mwenyewe. Saa za mashine ziko sawa (Kerberos, mfumo unaohakiki watu wanapoingia, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5). Rekodi za SRV kwenye DNS, zinazoonyesha seva ilipo, zipo na zinaelekeza panapotakiwa. ldapsearch (amri ya kutafuta ndani ya saraka) kupitia poti 389 inaleta akaunti zote, hata za waliokataliwa, na amri ya id inawatambua pamoja na makundi yao. Kwa hiyo saraka ni nzima, kinachokufa ni uhakiki. Nikapiga kinit (amri ya kujaribu kuingia kwa Kerberos) kwa akaunti ya mmoja wa waliokwama, logi ya seva ikatema KDC_ERR_ETYPE_NOSUPP. Kosa namba 14. Maana yake seva haikubali aina ya usimbaji ya ufunguo wa huyo mtu. Nywila haihusiki hata kidogo!

Kwa ambao hawajakutana nalo: Kerberos haihitaji kutunza nywila yako, inatunza funguo zilizotengenezwa kutokana nayo siku ulipoiweka. Mtu aliyeweka nywila zamani na hajaigusa tena anaweza kuwa na ufunguo wa RC4 tu, au hata wa DES, aina za usimbaji za zamani na dhaifu. Ufunguo wa AES, aina mpya na imara, seva haiwezi kumtengenezea kinyemela, kwa sababu haina nywila ya kuutengenezea. Toleo jipya limezima aina dhaifu, basi aliyebadilisha nywila karibuni anapita na mkongwe anabaki nje. Wale wa laptop nao walikuwa wanaingia kwa kashe (kumbukumbu iliyobaki ndani ya laptop), seva hawakuigusa kabisa.

Msinielewe vibaya, kuzima ni sawa. RFC 6649 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) ilishaitupa DES mwaka 2012, na RFC 8429 ikazitupa RC4 na 3DES mwaka 2018. Ugomvi wangu ni huu: programu ya kuboresha inahamisha hifadhidata nzima, akaunti moja baada ya nyingine. Inashindwaje kuhesabu zisizo na ufunguo wa AES na kunipa orodha kabla sijabonyeza Endelea? Nimesoma maelezo ya toleo mwanzo hadi mwisho, nimekuta "maboresho ya usalama". Basi. Maneno matatu!

Na huo ushauri wao wa kubadilisha nywila, ukiufanya kwa akaunti zote kwa mkupuo, ni hatari. Akaunti za huduma (za programu, si za watu), mfano ya seva ya mafaili, zinaweka funguo zake kwenye faili la keytab. Ukibadilisha nywila, namba ya toleo la ufunguo inapanda upande wa KDC (seva ya Kerberos inayotunza funguo) huku keytab imebaki na ya zamani, na hapo hata waliofanikiwa kuingia wanakosa mafaili yao. Nimegoma. Kila akaunti ya huduma nitaitolea keytab mpya, nitalinganisha namba ya klist -ke (iliyo kwenye keytab) na ya kvno (iliyo kwenye KDC), ndipo nihamie nyingine.

Unayetaka kuboresha wiki hii, kama KDC yako ni ya MIT (Kerberos iliyotengenezwa na chuo cha MIT), pitisha getprinc, amri ya kuonyesha funguo za akaunti, ndani ya kadmin, zana ya kusimamia KDC, kwa kila akaunti kwanza. Usipoona aes kwenye funguo zake, mwambie mwenyewe abadilishe nywila leo akiwa bado anaweza kuingia.

Tiketi nimeifungua tena na logi nimeambatisha. Safari hii nataka jibu la mtu aliyeisoma. Kuna mwenye skripti ya kuchuja akaunti zenye funguo za zamani peke yake? Aiweke hapa, nina orodha ndefu ya majina na simu haiachi kulia.